Namna ya Kutambua na Kuainisha Ndago ya Milimani: Mfano wa Carex monostachya

Msafiri anayepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, akishavuka ukanda wa miti na kile kinamasi cha mteremkoni kinachowachosha wapandaji wengi, huingia katika bonde la Teleki na kukuta uwanda wenye maji ambapo lobelia kubwa husimama katikati ya vishungi vya majani membamba. Vishungi hivyo huinuka kama vichuguu, kila kimoja kikiwa na majani mabichi juu na majani makavu ya miaka iliyopita chini yake, na katikati yao kuna matope ambayo mguu huzama. Karibu kila mtu huviita nyasi. Kwa kweli vilivyo vingi ni ndago ya jenasi ya Carex, na katika vinamasi vya mlima huu inayotawala ni Carex monostachya, mmea unaopatikana pia katika milima mirefu ya Ethiopia, Uganda na Tanzania, hasa juu ya mita 3,000.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, askari wa hifadhi, mwongoza wageni au mtu yeyote anayetaka kufikia jina sahihi la mmea wa aina hiyo na kueleza kwa ushahidi alivyolifikia. Nimechagua mmea huu kwa sababu unatufundisha jambo ambalo wengi huchelewa kulitambua, nalo ni kwamba kutambua mmea na kuuainisha ni kazi mbili tofauti, na alama inayofaa sana katika kazi ya kwanza inaweza kupotosha katika ya pili.

Anza na familia. Ndago, pamoja na mafunjo na jamaa zake wengine, ni wa familia ya Cyperaceae, na kwenye mlima wanakua bega kwa bega na nyasi za kweli kama Festuca pilgeri na Deschampsia cespitosa, ambazo nazo huota kwa vishungi. Kata shina linalobeba suke na ulizungushe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la Carex kwa kawaida lina pembe tatu unazozihisi zikipita chini ya kidole; ndani limejaa, na halina yale mafundo yanayoonekana kwenye shina la nyasi, ambalo mara nyingi ni la mviringo na lina uwazi ndani. Kisha tazama mmea kutoka juu: majani ya ndago yamepangwa kwa safu tatu, ya nyasi kwa safu mbili. Mwisho, shika jani na ulifuate hadi chini, mahali linapolizunguka shina kama ala inavyolizunguka kisu. Katika ndago ala hiyo imefungika pande zote kama bomba, ilhali katika nyasi nyingi imepasuka upande mmoja na unaweza kuifungua kwa ukucha bila kuichana. Usitosheke na alama moja kati ya hizi tatu, kwa kuwa wako ndago wenye shina la mviringo, wakiwemo wa jenasi za Isolepis na Eleocharis, ambao hupenda maeneo ya maji yaleyale.

Kuna familia ya tatu inayoweza kukuchanganya, Juncaceae, yenye jenasi za Juncus na Luzula. Hawa watambue kwa ua: lina vipande sita vidogo vilivyopangwa kama nyota, na tunda lake ni kibweta kinachopasuka na kutoa mbegu tatu au zaidi. Luzula abyssinica, utakayokutana nayo katika milima hiyohiyo, ina pia nywele ndefu nyeupe kwenye kingo za majani. Ndago hutoa tunda moja kavu lenye mbegu moja tu, na kila ua lake limejificha nyuma ya kigamba kimoja.

Ukishajua kwamba unayo ndago, swali linalofuata ni kama ni Carex. Hapa ndipo lenzi ya mkononi inapohitajika, yenye uwezo wa kukuza mara 10, na kama unayo ya mara 20 ichukue pia. Chomoa kigamba kimoja kutoka sehemu ya suke yenye matunda. Ukiona kokwa, yaani lile tunda kavu, iko wazi, imekaa tu nyuma ya kigamba, mmea wako ni wa jenasi nyingine. Ukiona kokwa imo ndani ya kifuko kilichofungwa, chenye tundu dogo juu ambamo ncha za kike zilipitia kupokea chavua, basi umefika kwenye Carex. Wataalamu hukiita kifuko hicho utrikuli. Asili yake ni jani dogo ambalo kingo zake zimekunjwa na kuungana kulizunguka ua la kike, na ndicho chombo muhimu kuliko vyote katika kazi hii. Familia nzima ya Cyperaceae ina spishi zinazokaribia 5,500, na takriban 2,000 kati ya hizo ni Carex. Ni wachache sana miongoni mwao wanaoweza kutofautishwa kwa majani peke yake. Anayekuletea jani bila kifuko amekuletea swali lisilo na jibu.

Nasema hivyo kwa uchungu, maana katika safari yangu ya kwanza kwenye vinamasi vya juu nilikusanya vielelezo zaidi ya ishirini vikiwa bado vinachanua, nikafurahia stameni zake za manjano (viungo vya kiume vya ua), nikavikausha vizuri na kuviandikia maelezo kwa uangalifu. Nilipokaa mbele ya hadubini niligundua kwamba vifuko vyote vilikuwa vichanga, vimebanwa na havina umbo la kuaminika, na hakuna hata kimoja nilichoweza kukipa jina bila kubahatisha. Ilinibidi nipande tena. Kifuko kichanga hakina pua (ile ncha nyembamba ya juu) iliyokamilika, mishipa yake haijajitokeza, na vipimo vyake huwa vidogo kuliko vile vilivyoandikwa katika maelezo ya spishi, hivyo hukupeleka kwenye jina la uongo huku kila hatua ikionekana sawa. Tafuta mmea wenye vifuko vilivyojaa ambavyo havijaanza kudondoka. Ukigusa suke kwa kidole na kifuko kimoja au viwili vikaachia kwa urahisi, huo ndio wakati wake. Juu ya mita 4,000 karibu na ikweta majira hayagawanyiki kama yanavyogawanyika katika nchi za baridi, kwa kuwa baridi kali huja kila usiku na jua kila mchana, na kwa sababu hiyo kishungi kimoja kinaweza kuwa na masuke yanayochanua na mengine yaliyokomaa kwa wakati mmoja. Zunguka, angalia vishungi vingi, chukua hatua zote mbili za ukuaji.

Kabla ya kukata chochote hakikisha una kibali. Milima hii karibu yote imo ndani ya hifadhi za taifa, na utafiti wa mimea huhitaji ruhusa ya tume ya sayansi ya nchi husika pamoja na ya mamlaka ya hifadhi. Ukiwa mgeni asiye na kibali, piga picha na uache mmea mahali pake. Picha nzuri za suke, za kifuko kilicho juu ya kiganja na rula pembeni, za ala na za kishungi kizima zinaweza kufikisha kazi mbali kuliko wengi wanavyodhani.

Mwenye kibali na achukue mmea mzima, pamoja na sehemu ya chini ya ardhi. Chimba ukingoni mwa kishungi kwa kisu imara, upate mashina mawili au matatu yakiwa na mizizi yake, usivunje kishungi chote. Carex monostachya hujenga vishungi kwa kuwa machipukizi yake hukaa karibukaribu, na hilo linapaswa kuonekana kwenye kielelezo. Spishi nyingine hutambaa kwa mashina marefu chini ya udongo na kutoa majani hapa na pale. Osha matope hapohapo mtoni kabla hayajakauka, kwa sababu matope ya kinamasi yakishakauka huficha rangi ya ala za chini, nayo ni alama inayoulizwa mara kwa mara. Mmea mrefu kuliko karatasi ukunje kwa pembe kali kama herufi V au N, usiuzungushe kama kamba. Laza kati ya magazeti, kaza mbao za kubania, na ubadilishe magazeti kila siku, mara mbili kwa siku kama mvua haikatiki. Ukungu wa milimani hufanya kazi haraka. Weka pia vipande vichache vya jani bichi ndani ya mfuko wenye chembe za silika zinazofyonza unyevu, ili siku moja mtu akihitaji kusoma DNA ya mmea huo apate jani lililokaushwa upesi.

Katika daftari andika yale ambayo kielelezo kikavu hakitayasimulia. Andika mlima, bonde, nyuzi za latitudo na longitudo, na mwinuko kwa mita. Eleza kama maji yamesimama au yanapita, kimo na upana wa vishungi, mimea iliyo jirani, rangi ya vigamba na ya vifuko vikiwa vibichi, na kama majani yalikuwa bapa, yamekunjwa au yamejiviringa. Upana wa jani lililojiviringa baada ya kukauka ni mdogo sana kuliko ulivyokuwa shambani, na nimeona watu wakikataa jina sahihi kwa sababu hiyo pekee. Pima jani likiwa bichi.

Sasa tugeukie suke lenyewe. Jina monostachya limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya suke moja, na ndivyo mmea ulivyo: kila shina hubeba suke moja tu kileleni. Hesabu mashina kumi kutoka vishungi tofauti, wala usitegemee moja, kwa sababu hata spishi yenye masuke mengi huweza, ikidumaa kwa baridi au kwa udongo maskini, kutoa shina lenye suke moja. Baada ya hapo tafuta maua ya kiume yako wapi. Stameni huchanua mapema na vichwa vyake vya chavua hudondoka, lakini nyuzi zilizovibeba hubaki zimenyauka nyuma ya vigamba kama vijiuzi vyeupe, na kwa vijiuzi hivyo unaweza kujua, hata kwenye kielelezo cha miaka 80, kama maua ya kiume yalikuwa juu ya yale ya kike, chini yake, au kwenye suke la peke yake. Mpangilio huu ni miongoni mwa maswali ya mwanzo kabisa katika ufunguo wowote wa Carex, yaani mfululizo wa maswali yenye matawi mawili unaokufikisha kwenye jina la spishi, na anayekosea hapa atatembea njia isiyo yake hadi mwisho.

Kisha chukua vifuko. Kama suke limekauka, tia vifuko vichache katika maji ya moto kwa dakika chache ili vilainike na kurudia umbo lake, halafu vipange juu ya karatasi nyeusi chini ya hadubini. Pima vifuko kumi vya katikati ya suke. Vile vya kileleni na vya chini kabisa mara nyingi ni vidogo au vimeharibika. Andika urefu pamoja na pua, upana mahali palipo panene zaidi, na urefu wa pua peke yake. Angalia kama pua inaishia kwa tundu la mviringo au kwa meno mawili, kama uso ni laini, una nywele au una vijimwiba kwenye kingo, kama mishipa inaonekana upande mmoja au pande zote mbili, na kama chini kuna kikonyo. Linganisha urefu wa kifuko na wa kigamba kinachokifunika. Pasua kimoja kwa sindano utazame kokwa: ikiwa bapa kama punje ya dengu, ncha za kike zilikuwa mbili, ikiwa na pembe tatu, zilikuwa tatu. Uhusiano huu hukuokoa pale ambapo ncha zenyewe zimeshakatika. Kazi hii huchukua saa nzima kwa mmea mmoja, na sijui njia ya mkato inayostahili kuaminiwa.

Sehemu za chini zitazame mwisho, kwa haraka zaidi lakini usiziache. Rangi ya ala kongwe, kama zimebaki nzima au zimechanika na kuwa nyuzinyuzi, na kama kingo za jani zinakwaruza ulimi au kidole kutoka ncha kwenda chini: hayo yanatosha.

Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, fungua ufunguo wa kutambulishia. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania kazi kuu ni Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ambayo sehemu yake ya Cyperaceae ilitoka mwaka 2010. Soma matawi yote mawili ya kila swali kabla ya kuchagua, na ukifika mahali ambapo mmea wako unaonekana kukubaliana na yote mawili, fuata njia zote mbili hadi mwisho, kisha linganisha maelezo kamili ya spishi ulizozifikia. Jina lililotoka kwenye ufunguo bila kulinganishwa na maelezo ni dhana tu.

Hapa nataka kuonya kuhusu tabia ya kutumia mlima badala ya mmea. Katika Ruwenzori, kwenye kinamasi cha Bigo ambako zamani wapandaji walilazimika kuruka kutoka kishungi hadi kishungi kabla ya njia ya mbao kujengwa, ndago inayotawala ni Carex runssoroensis. Jina hilo lilitolewa na Karl Schumann wa Ujerumani, na runssoro ni namna ya zamani ya kuandika jina la mlima huo. Kwa hiyo wengi hukata kauli kwamba kishungi cha Ruwenzori ni runssoroensis na kishungi cha Mlima Kenya ni monostachya, kana kwamba mimea imegawiwa mipaka. Jina la mahali ndani ya jina la spishi huonyesha tu ulikotoka mmea ule uliomfikia mtaalamu wa kwanza. Carex monostachya yenyewe ilielezwa na Achille Richard wa Ufaransa, katikati ya karne ya 19, kwa mimea ya Ethiopia, wala hilo halijauzuia kukua Kilimanjaro. Fungua kifuko hata kama unaamini kwamba jibu unalo.

Baada ya jina huja uainishaji, na ndipo suke moja linapogeuka kuwa mtego. Mwaka 1909 Georg Kükenthal, mtaalamu wa ndago, alipanga Carex zote za dunia katika jenasi ndogo (makundi ya daraja lililo chini ya jenasi) nne, mojawapo ikiwa Primocarex, alimokusanya zile zenye suke moja kwa shina, kwa kudhani kwamba umbo hilo rahisi ndilo la kale. Mpango wake ulitumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. DNA ilipoanza kusomwa ilionekana kwamba spishi za suke moja zimetawanyika katika koo mbalimbali, kwa kuwa masuke mengi yamepungua na kubaki moja mara kadhaa, kila ukoo kwa wakati wake. Kwa hiyo suke moja ni alama nzuri ya kukuambia mmea ni upi, lakini haikuambii ndugu zake ni akina nani, na mtu anayeandika leo kwamba mmea wake ni wa Primocarex kwa sababu una suke moja anarudia kosa lililokwisha kusahihishwa.

Mabadiliko mengine mawili yanakuhusu moja kwa moja ukifungua kabati za vielelezo. Mwaka 2015 kundi la kimataifa la watafiti wa Carex liliziingiza ndani ya jenasi hii jenasi nne zilizokuwa zikisimama peke yake: Kobresia, Uncinia, Cymophyllus na Schoenoxiphium, hii ya mwisho ikiwa ni kundi la Afrika ambalo kifuko chake mara nyingi hakijafungika kikamilifu na huonyesha kijishina ndani yake. Ukikuta kielelezo cha zamani chenye jina Schoenoxiphium, hakijakosewa. Kinasubiri jina jipya. Mwaka 2021 ukachapishwa mpangilio wenye jenasi ndogo sita, ambazo ni Siderosticta, Psyllophorae, Euthyceras, Uncinia, Vignea na Carex, zikigawanywa zaidi katika makundi madogo yaitwayo seksheni. Kabla ya kuandika daraja lolote chini ya jenasi, angalia orodha hiyo na uangalie pia jina linalokubaliwa sasa katika hifadhidata ya mimea ya dunia inayosimamiwa na bustani ya mimea ya Kew, London. Madaraja ya juu hayana ubishi: ni mmea wa maua, wa kundi lenye jani moja la mbegu, oda ya Poales, familia ya Cyperaceae, jenasi ya Carex.

Hatua inayobaki ni kulinganisha kwa macho. Peleka kielelezo kwenye makavazi ya mimea iliyokaushwa: Nairobi yako katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Kampala katika Chuo Kikuu cha Makerere, na Tanzania yako Arusha na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Omba kutazama vielelezo vyote vya spishi uliyoifikia kutoka milima tofauti, si kimoja tu, ili uone inavyobadilika kutoka mahali hadi mahali, na utazame pia vya spishi inayofanana nayo zaidi. Picha za vielelezo asilia, yaani vile ambavyo jina lilifungwa kwavyo mara ya kwanza, zinapatikana kwa wingi mtandaoni.

Ukiridhika, andika kibandiko kidogo chenye jina la spishi pamoja na mtoa jina, jina lako na mwaka, kisha ukigandishe juu ya karatasi ya kielelezo. Ukiwa na shaka tumia kifupi cha cf. (yaani linganisha na) kati ya jenasi na spishi, au andika Carex sp. (yaani spishi haijatambuliwa) na uishie hapo, halafu ongeza sentensi moja inayotaja alama iliyokukwaza. Kibandiko cha aliyekutangulia kisibanduliwe hata kama unaona wazi kwamba alikosea. Chako kiwekwe upande wa juu yake bila kukifunika, na tarehe zote mbili zisomeke.